UZI: Tulioumia uti wa mgongo na ndugu wanaotuuguza nyumbani, tuzungumze yale yasiyosemwa wodini

Mwana wa Pangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Napokea jumbe nyingi za pembeni. Mtu anaandika: kaka yetu kapata ajali ya bodaboda, au shemeji kaangukiwa na kifusi mgodini, tumeambiwa uti wa mgongo umeumia, sasa tunaruhusiwa kurudi nyumbani na hatujui tuanzie wapi. Maswali yanafanana, nimeona niyajibu hapa hadharani ili na wengine wenye uzoefu waongeze.

Mimi nilianguka kutoka juu ya mnazi. Nimeumia pingili ya tano ya kifua, kwenye makaratasi wanaandika T5. Mikono yangu mizima. Kuanzia chini kidogo ya chuchu sina hisia wala nguvu. Naishi na mke wangu, watoto, mama yangu mzazi, na mdogo wangu wa kiume ambaye anakuja na kuondoka kutokana na kazi ya uvuvi.

Jambo langu kubwa ni hili: aliyeumia ndiye awe mwenye ratiba ya mwili wake, hata kama hawezi kuinua kidole. Saa ya kutoa mkojo aijue yeye, saa ya kugeuzwa aidai yeye, ngozi yake aulizie yeye. Ndugu wanamwazima mikono. Nimezitembelea nyumba kadhaa zenye watu kama sisi huku Tanga, na mahali pengi mambo yaliharibika kwa njia moja: mgonjwa kanyamaza kwa kuona haya, ndugu wakawa wanabahatisha kwa huruma, mwisho kidonda, homa, hospitali.

Naanza na choo, maana ndipo aibu ilipo.

Kibofu changu kinajaa bila mimi kujua. Natoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba wa kupitisha kwenye njia ya mkojo (katheta) kila baada ya saa nne hadi sita, natoa kisha nauchomoa. Lengo ni kibofu kisipite kama nusu lita. Mwanzoni nilikuwa nakinga kwenye chupa kubwa ya maji iliyokatwa juu, mke wangu kaichora mistari ya kipimo kwa kalamu ya wino mzito, hivyo nikajua kama nimekunywa chai nyingi basi saa zipungue. Maji nakunywa ya kutosha mchana, jioni napunguza. Wengi wanakosea hapa, wanaacha kunywa maji ili wasijikojolee. Mkojo unakuwa mzito, uchafu unatuama, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) inaingia.

Mwenye mpira wa kukaa nao na mfuko, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu muda wote. Ukimhamisha mtu kutoka kitandani kwenda kwenye kiti usimpakatishe mfuko kwenye mapaja, mkojo utarudi ndani. Tarehe ya kubadilisha mpira uliyopewa na nesi iandikwe ukutani, tena kwa herufi kubwa.

Haja kubwa ina saa yake. Mimi ni asubuhi baada ya chai ya moto na kitafunwa, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo unaamka. Nusu saa baadaye niko kwenye kiti cha choo. Kidole chenye glavu na jeli unakiingiza njia ya haja kubwa, unazungusha taratibu kwa sekunde kama kumi na tano au ishirini, unasubiri dakika chache, unarudia. Wengine wanapewa dawa ya kuweka kwa njia hiyo. Walioumia chini kabisa, kiunoni, utumbo wao umelegea, hiyo ya kuzungusha haiwasaidii sana, wanatoa choo kwa kidole. Muulize aliyekutibu wewe ni wa kundi gani. Utumbo unajifunza saa. Ukiuzoesha siku hii asubuhi, kesho kutwa usiku, utachafuka msibani mbele za watu, na baada ya hapo hutataka kutoka ndani tena.

Kiti cha choo: fundi wengi wanakata shimo kwenye kiti cha plastiki. Ule ukingo wa plastiki unakata nyama na wewe huhisi. Changu kimezungushiwa sponji na kushonewa ngozi ya kochi, na sikai juu yake kupiga soga na simu.

Sasa, nani afanye kazi hiyo kwa asiyeweza mwenyewe? Wataalamu wanafundisha namna ya kufanya, lakini hawajui nyumba yako. Kwetu binti mkubwa hawezi kumvua baba yake. Mkwe hawezi kumtazama mkwewe. Mtoto wa kiume akimsafisha mama yake, wote wawili wanaumia rohoni, hata kama hakuna anayesema. Nilipotoka hospitali mama yangu ndiye aliyenisafisha. Yeye hakuona tabu, alinizaa. Lakini mtu mzima mwenye mke na watoto ukisafishwa na mama yako kila asubuhi, kuna kitu ndani kinajikunja. Tulikaa kikao cha nyumba. Nikasema mwenyewe, si kwa kupitia mtu: mke wangu na mdogo wangu tu, na mimi nijifunze mpaka nisimhitaji yeyote. Mama akabaki na chakula na kunisimamia mazoezi. Tangu siku ile mama yangu akiingia chumbani kwangu anaingia kama mama.

Kwa hiyo wenye mikono mizima, jifunzeni mpira na kidole mapema iwezekanavyo. Hicho ndicho kinachomrudisha mkeo kuwa mke.

Ngozi. Huhisi kwamba umekaa vibaya, hivyo nyama inabanwa kati ya mfupa na godoro, damu haifiki, inakufa. Kitandani kugeuka kila saa mbili, kwenye kiti kujiinua au kuegemea mbele na pembeni kila robo saa hadi nusu saa. Maeneo ya hatari ni makalio, mfupa wa juu ya mkia, nyonga, visigino, vifundo vya miguu. Jioni najikagua. Naweka simu nyuma napiga picha, nisipofikia mke wangu anapiga. Vitabu vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, tafuta sehemu iliyozidi weusi au iliyobadilika kidogo, iguse kwa mgongo wa kiganja: ina joto kuliko jirani yake? Ni ngumu? Ukiona alama na baada ya nusu saa ya kutoilalia haijaondoka, usiikalie tena mpaka ipone. Na msiisugue wala kuichua, mnaua nyama iliyobaki.

Suruali zangu hazina mifuko ya nyuma. Ule mshono wa jinzi, kifungo cha chuma, sarafu iliyosahaulika, hata mkunjo wa shuka, vyote vinachimba. Na mto wa kukalia wenye tundu katikati kama tairi, unaouzwa kwa sifa nyingi, uacheni. Unabana pembeni na damu ya katikati inakosa njia.

La mwisho kwa leo, na hili linaua: walioumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, yaani T6 mpaka shingoni, presha inaweza kupanda ghafla. Kibofu kimejaa au mpira umekunjika, mwili wa chini unapeleka kelele, mishipa ya damu inabana, ubongo unataka kutuliza lakini amri haipiti pale palipokatika. Dalili zake ni kichwa kugonga kwa nguvu, jasho la uso na shingo, pua kuziba, vinyweleo kusimama. Msimlaze! Mketisheni wima, miguu ining'inie, fungueni mkanda, viatu, chochote kinachobana. Kisha angalieni mpira na mkojo, halafu haja kubwa, halafu ngozi na kucha. Mara nyingi chanzo kikitoka presha inashuka. Isiposhuka, hospitali mbio. Na mkifika semeni presha yake ya kawaida ni ngapi. Sisi wengi tunaishi na ya juu 90 hadi 110. Mtu akikuta 140 atasema si mbaya, kumbe kwako ni hatari.

Karibuni mchangie.

---

Mke wa Fundi

Ahsante sana kaka. Mimi niko upande wa pili, mume wangu ndiye aliyeumia, T10, alidondoka kutoka ghorofani kwenye ujenzi. Nimesoma ile sehemu ya kikao cha nyumba mara mbili.

Naomba niongee na walezi wenzangu. Mwaka wa kwanza kila mtu anakuja. Sukari, unga, maombi, nyumba imejaa. Baadaye mnabaki wawili. Mawifi wakija wanaangalia kama kaka yao amenawiri, hakuna anayeniuliza kama nimelala. Nilikuwa naamka kila saa mbili usiku kumgeuza, asubuhi nakwenda kuuza vitumbua. Mgongo wangu ukaanza kuniuma mpaka nashindwa kuinama kufua.

Vitu viwili vilinisaidia. Kwanza mtu wa mazoezi alimfundisha kulala kifudifudi, na mito chini ya kifua na mapaja, vidole vya miguu vining'inie nje ya godoro. Akilala hivyo anakaa muda mrefu bila kugeuzwa na mimi nalala. Haikuwa siku moja, tulianza kidogo kidogo huku tunakagua magoti. Pili, nilimwambia mama mkwe kwa adabu, mbele ya mume wangu: Jumamosi na Jumapili mchana ni za wifi. Nimekwenda kwetu, nimekwenda kusuka, au nimelala tu. Walinuna. Sasa wamezoea, na wifi mwenyewe anajua kazi, siku nikiugua nyumba haisimami.

Wanawake, msisubiri mtu akuonee huruma akupe mapumziko. Dai zamu kwa jina la mtu na siku.

---

Babu Kijana

Mkuu poleni sana. Vipi kuhusu tiba asili? Kijijini kwetu yupo mtaalamu anakanda kwa majani ya moto na kuchua, watu wanasema miguu inaamka. Ndugu wa jirani yangu wanataka kumpeleka kijana wao.

Mwana wa Pangani

Babu Kijana, swali lako ni la maana na najibu kwa heshima, maana shangazi yangu mwenyewe alileta mtu nyumbani kwa mapenzi yake.

Miguu kuruka au kukaza yenyewe ni uti wa mgongo chini ya jeraha unafanya kazi bila kuongozwa na ubongo. Mtu anakandwa, miguu inaruka, ndugu wanapiga vigelegele. Ingeruka hata kwa kuguswa na shuka baridi. Wapo wanaorudisha nguvu, hasa ambao uti haukukatika wote, na nafasi kubwa ni miezi ya mwanzo. Huyo apelekwe kwenye mazoezi.

Hatari ya majani ya moto ni kuungua. Hawezi kusema "basi, yanachoma". Kijana mmoja ninayemfahamu alibaki na kidonda kwenye paja miezi mingi. Shangazi nilimwomba aniombee dua na anichue mabega, maana mabega ndiyo miguu yangu sasa, yanachoka kwa kusukuma kiti. Alifurahi, na mpaka leo ananichua. Mnaweza kumpa mzee kazi yenye faida bila kumvunja moyo.

Hiyohiyo ya joto iangalieni jikoni na bafuni. Maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko mtu mwenye hisia. Kikombe cha chai hakiwekwi mapajani. Kwenye bajaji angalia mguu usiguse chuma chenye moto.

---

Tabibu wa Mazoezi

Nafanya kazi ya fiziotherapia, naongeza kidogo.

Hiyo ya kugeuza kila saa mbili ina historia. Kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia askari wengi waliovunjika uti walikufa kwa vidonda na maambukizi ya mkojo, si kwa jeraha lenyewe. Februari 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua kitengo Stoke Mandeville, Uingereza, akalazimisha wagonjwa wageuzwe kila saa mbili usiku na mchana, vibofu vitunzwe, na watu wafanye kazi na michezo. Wakaanza kuishi. Mashindano aliyoyaanzisha pale 1948 ndiyo yaliyozaa Paralimpiki. Nawaambia hili ndugu wa wagonjwa kwa sababu wanadhani uhai uko kwenye dawa ghali au upasuaji wa pili India. Uhai uko kwenye kugeuza, kukojoa kwa saa na usafi.

Wanaoogopa kutumia mpira nyumbani kwa sababu si chumba cha upasuaji: tangu 1972 daktari Jack Lapides wa Marekani alionyesha kwamba kutoa mkojo kwa mikono iliyonawa vizuri na mpira safi kunatosha, muhimu ni kutoacha kibofu kijae kupita kiasi. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Namna ya kuosha na kuhifadhi mpira fuata ulivyoelekezwa na nesi wako.

Na tafadhali, acheni kumnyanyua mtu kwa kumvuta makwapani. Bega linateguka, na mlezi anavunjika kiuno. Sawazisheni urefu wa kitanda na kiti, funga breki, tumieni ubao laini wa kuhamia. Mkilazimika kunyanyua, wawe wawili: mmoja nyuma anapitisha mikono chini ya kwapa na kushika mikono ya mgonjwa aliyoikunja kifuani, mwingine chini ya magoti, mkunje magoti yenu wenyewe, mhesabu pamoja.

Miguu ikianza kukaza kuliko kawaida, kabla ya kuomba dozi iongezwe tafuteni sababu. Mara nyingi ni UTI, choo kimeganda au kidonda mahali. Na anayetumia baklofeni, dawa ya kulegeza mikazo hiyo, asiikatishe ghafla ikiisha. Ni hatari.

---

Bibie wa Mwanza

Nashukuru kwa uzi. Naona wanaume wanauliza kwa jumbe za pembeni (PM) mambo ya ndoa, mimi nitasema hapa. Nimeumia T11, ni mwanamke, na nimezaa baada ya kuumia. Hedhi ilipotea miezi kadhaa ikarudi, na uwezo wa kushika mimba ulirudi nayo. Hivyo asiyetaka mtoto apange uzazi, asidhani mwili umefunga.

Sikuhisi uchungu kama wengine, tulikubaliana na daktari nilazwe mapema. Kero kubwa mimba ikikua ilikuwa kujihamisha na ngozi, kwa sababu uzito unabadilika. Walioumia juu zaidi wamwambie mkunga kuhusu ile presha ya ghafla, uchungu wa kuzaa nao unaiwasha.

Wanaume: nguvu zinatofautiana kufuatana na mahali palipoumia, dawa zipo, daktari wa mfumo wa mkojo anazijua. Aliyewahi kupewa dawa ya moyo ya naitreti asimeze hizo za nguvu kabisa. Mengine mzungumze na wenza wenu. Mume wangu ndiye aliyenisaidia kutoa mkojo nilipojifungua na sikuwa na nguvu, na hakuna kilichopungua kati yetu. Ila kabla ya faragha tunaacha kazi ya uuguzi kwanza, tunapumzika, tunaongea mambo mengine.

---

Mtafuta Majibu

Wakuu nimesoma yote huku machozi yananitoka. Kaka yangu ni utingo, lori lilipinduka. Shingo, pingili ya sita, C6. Anakunja viwiko, anainua kiganja, vidole havikamati. Wiki ijayo tunaruhusiwa. Nyumba ni ya kupanga, choo cha nje cha kuchuchumaa. Mama ni mzee, dada yupo shule, mimi ndiye ninayefanya kazi. Haongei. Akiulizwa anasema "fanyeni mnavyoona". Nianzie wapi?

Tabibu wa Mazoezi

Pole sana ndugu. Mambo matatu ya C6 ambayo watu wa nyumbani hawaambiwi.

Akiinua kiganja vidole vinajikunja vyenyewe kidogo. Hicho kitakuwa kishikio chake cha kikombe na kijiko. Kwa hiyo msimnyooshe vidole huku kiganja kimeinuliwa, mtalegeza ile mishipa na kishikio kitapotea. Mkitaka kunyoosha vidole, kiganja kwanza kiinamishwe. Wachuaji wengi wanaharibu hapa kwa nia njema.

Pili kifua. Misuli ya kukohoa ni dhaifu. Akitaka kukohoa, weka viganja chini ya mbavu juu ya kitovu, mhesabu wote, anapokohoa unasukuma ndani na juu kwa pamoja naye. Mtu akufundishe wodini kabla hamjatoka, asiyefundishwa asijaribu.

Tatu, hatoi jasho vizuri. Joto la Dar linampandisha homa isiyo ya malaria. Kivuli, feni, kitambaa kibichi. Na akiwa na homa kweli msidhani ni jua, pimeni mkojo.

Kaka wa Likoni

Niko Mombasa. Ndugu yangu pia ni shingo, alikaa Hospitali ya Taifa ya Uti wa Mgongo kule Nairobi kabla ya kurudi nyumbani. Nikupe moja tu: usitoke wodini kabla wewe na mtu mwingine wa pili hamjafanya kila kitu kwa mikono yenu nesi akiangalia. Kugeuza, mpira, choo, kuhamisha. Kuangalia peke yake hakutoshi. Na rekodi kwa simu nesi akikubali. Usiku wa kwanza nyumbani utashukuru.

Mke wa Fundi

Mtafuta Majibu, alikuwa ameajiriwa? Kama ajali ilitokea kazini, mwajiri anatakiwa kuitaarifu WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Usikubali kupewa hela ya mfukoni mkaambiwa yameisha. Pamoja na matibabu na pensheni ya ulemavu, kuna malipo kwa ajili ya anayemhudumia mtu asiyeweza kujihudumia. Sisi hatukujua hilo kwa muda mrefu. Tunza karatasi zote za hospitali na ripoti ya polisi.

Na baadaye mkitulia, halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na katika hizo kumi, asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mume wangu ananoa na kutengeneza cherehani sasa, amekaa kwenye kiti chake.

Mwana wa Pangani

Mtafuta Majibu, hapo kwenye "fanyeni mnavyoona" ndipo nataka usimame.

Usifanye unavyoona. Muulize vitu vidogo vyenye majibu mawili. "Nikugeuze ubavu wa dirishani au wa mlangoni?" "Uoge kabla ya chai au baada?" Atajibu, hata kwa kichwa. Mpe saa ya ukutani mahali anapoiona, na umwambie kazi ya kukumbusha saa ya kugeuzwa ni yake. Siku akikugombeza kwamba umechelewa dakika kumi, shukuru Mungu. Akikataa chakula siku kadhaa, halali, au anasema bora angekufa, hiyo ni hali ya kutibiwa kama UTI inavyotibiwa. Mwambie daktari, usimwachie mama peke yake abebe siri hiyo.

Mama asimnyanyue hata mara moja. Atasema anaweza, mkatalie. Kazi yake iwe kumlisha na kuongea naye. Dada asihusishwe na choo. Tafuteni kijana wa kiume wa ukoo au wa mtaani anayeaminika, aje asubuhi kwa saa ya choo na kuoga, mlipeni hata kidogo ili iwe kazi na si hisani. Mchana anaweza kuwa na shughuli zake. Wewe jioni na usiku. Mpira wa mkojo kwa sasa atabaki na wa kukaa nao bila shaka, basi yeyote wa nyumbani ajue zile dalili za presha na cha kufanya. Ziandikwe kwenye karatasi zibandikwe juu ya kitanda, tena kwa Kiswahili.

Kiti mwendo msinunue kwa macho. Vile viti vya hospitali vya kukunja ni vya kumsukuma mtu kwenye korido, kwenye mchanga vinazama na kwa mtu wa shingo havimshikilii. Muulize mtaalamu apimwe nyonga, mapaja na mgongo. Moshi pale hospitali ya KCMC kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa vifaa saidizi, na wahitimu wake wako hospitali nyingi, ulizia kama hospitali yenu ina mmoja. Kiti bila mto mzuri wa kukalia hakijakamilika.

Choo cha nje kisikusumbue wiki hii. Haja kubwa mwanzoni itafanyika kitandani, alale ubavu wa kushoto, plastiki na taulo chini, mlango umefungwa na khanga juu yake. Msimwache na pampasi mchana kutwa, unyevu unaoza ngozi. Ukiongea na mwenye nyumba kuhusu ngazi, mwambie unataka mteremko wa saruji: kila sentimita moja ya kimo, urefu sentimita kumi na mbili. Ngazi ya sentimita 20 inadai mteremko wa mita 2 na sentimita 40. Wakifanya mfupi zaidi hamtaweza kumpandisha.

Mtafuta Majibu

Nimeandika kila kitu kwenye daftari. Leo nimemuuliza ubavu wa dirishani au wa mlangoni. Akasema dirishani. Ubao wa kuhamia ni wa aina gani? Seremala wa hapa mtaani anasema nimpe vipimo.

Mwana wa Pangani

Wangu una urefu wa sentimita 70 na upana 25, plaiwudi ya milimita 18. Ncha zote mbili ziranduliwe ziwe nyembamba ili upenye chini ya makalio bila kukwaruza, pembe ziviringwe, upigwe msasa mpaka ukipitisha kitambaa cha hariri hakinasi, halafu vanishi. Mara tatu, kila mpako ukauke kabla ya mwingine. Uangaliwe kila wiki kama umechanika, kibanzi kimoja kinatosha kuleta kidonda. Asitelezeshwe akiwa mtupu, avae suruali au kuwe na taulo. Kwa C6 mtakuwa watu wawili mwanzoni, mmoja mbele magotini, mmoja nyuma. Seremala akikwama mpe namba yangu, nakutumia PM sasa hivi.